Sufuria Moja Mpaka Doha

Ukimuuliza Mpishi ni mbali kiasi gani kutoka Machakos mpaka Wamunyu, atakwambia ni chai. Si chai ya kununua, ni ya kupika: unawasha jiko la makaa gari likitoka stendi, unabandika maji, unatia maziwa na majani, unaiacha ipande na kushuka mara kadhaa, na ukianza kuichuja mtu wako anashuka Wamunyu. Kangundo ni ugali na sukuma wiki. Nairobi ni nyama, na siku ambazo magari yamekwama pale Mlolongo, ni nyama ya mbuzi mzee. Mombasa kwa ndege ni wali. Mombasa kwa basi hakutaka hata kuizungumzia, maana alisema hakuna chakula kinachokaa motoni muda wote huo kisigeuke uji.

Na Doha ni sufuria moja ya isyo.

Isyo ni mahindi na maharagwe, au mahindi na mbaazi, yaliyochemshwa pamoja, kile ambacho Wakenya wengine hukiita githeri na kudhani wamemaliza. Kwa Mpishi kulikuwa na isyo ya aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mahindi yake yamelala majini usiku kucha, ikaiva upesi kuni zikabaki. Ya pili ni ya mahindi makavu ya mwaka jana, yale yanayogonga sufuria kama kokoto, yanayobandikwa bila kulowekwa na kuachwa yabishane na moto mpaka yakubali. Doha ilikuwa hiyo ya pili.

Mpishi ana jina lake, na kwa desturi yetu angeitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Mwende. Ndivyo alivyoitwa zamani. Lakini Mwende, ambaye ni mtoto wake wa pekee, alipokwenda Doha kufanya kazi, mama yake alituzuia.

"Hiyo jina ni ya mtu ako na mtoto nyumbani," alisema. "Mtaniita hivyo akirudi."

Tukabaki na kazi yake. Alikuwa mpishi wa shule ya wasichana ya bweni iliyo upande wa vilima vya Iveti, nami nilisoma hapo, na nyumbani kwetu ni uzio mmoja na kwake, kwa hiyo nimekula chakula chake pande zote mbili za maisha yangu. Shuleni alitutisha. Alisimama mlangoni mwa jikoni ameshika mwiko wake wa kuchongwa Wamunyu, mrefu kuliko msichana wa kidato cha kwanza, na akikukuta unachungulia sufuria alikuuliza kama mama yako amekutuma kukagua. Kisha msichana yule yule aliyefokewa angeitwa jioni kuja "kuosha sufuria," akafika akakuta sufuria imeshaoshwa, na ukoko umewekwa pembeni kwenye sahani umefunikwa. Alijua nani hajaletewa kitu siku ya kutembelewa na wazazi. Hakuwahi kutaja.

Alipikia mamia na hakuweza kumpikia mtu mmoja. Ukimwomba akukaangie yai, chumvi ingekukausha ulimi. Mkono wake ulizoea kutupa chumvi kwa kopo. Na mtu huyu aliyepima dunia nzima kwa muda wa chakula motoni hakuwahi kufika kanisani mapema hata Jumapili moja. Padri alikuwa anafikia katikati ya mahubiri ndipo mlango wa nyuma unalia, na sisi sote bila kugeuka tunajua ni nani. Mama yangu alipomtania alijibu kwamba Mungu yuko pale tangu asubuhi na haendi popote, haraka ni ya nini.

Habari ya kuloweka aliichukulia kwa uzito sana. Shuleni alilowekesha mahindi kwa sababu ni amri ya ofisi. Nyumbani ni yeye aliyetoa amri. Ukifika kwake ukaona karai la mahindi limefunikwa kwa maji, ujue hajapanga ukae. Mahindi ya kulowekwa yalikuwa ya watu wa kuandikisha wapiga kura, ya binamu wanaokuja kuomba shamba, ya wale wageni wanaosema wamepita tu kusalimia. Walikula, wakashiba, wakaenda zao. Lakini ukiwa mtu wake, alikubandikia makavu. Ulikaa. Ulimaliza habari ulizokuja nazo, ukaanza zile ulizopanga kuzificha, na mchana ulipogeuka bado mahindi yalikuwa yanakataa jino.

Mume wangu alipokuja kujitambulisha kwetu kwa mara ya kwanza, Mpishi alimwomba mama yangu amwachie jikoni. Alibandika makavu. Yule kijana alifika asubuhi amenyoosha shati, na saa tisa alasiri alikuwa bado anaambiwa chakula kiko karibu. Alikuwa ametueleza shule zote alizosoma, kuku wote wa nyanya yake, na ugomvi wake na bosi wa kwanza. Tulipokula hatimaye, Mpishi alinivuta nyuma ya nyumba.

"Olewa na huyu," alisema. "Mwanaume umjue akiwa na njaa. Huyu amekaa tu anatabasamu kama mjinga."

Nimeishi naye vizuri mpaka leo, ingawa akisikia neno isyo anatafuta mkate kwanza.

Mwende alipoondoka, hatukumsikia Mpishi akilia. Alisubiri shule zifunguliwe, kisha akapeleka chai chumba cha walimu mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake, na akasimama mbele ya mwalimu wa jiografia. Nilikuwa pale napanga madaftari ya darasa letu.

"Mwalimu, Doha iko wapi?"

Mwalimu alifurahi, maana ni mara chache mtu kumuuliza kitu nje ya mtihani. Alifungua atlasi kubwa, akachukua uzi, akauvuta kutoka Nairobi ukapita juu ya Ethiopia, ukavuka bahari nyembamba, ukakata jangwa la Uarabuni mpaka pale. Akapima uzi kwenye kipimo cha ramani. Akataja kilomita, elfu kadhaa. Mpishi alitikisa kichwa kwa adabu, kwa namna ile unavyomtikisia kichwa mtu anayekueleza ugonjwa kwa jina la kitaalamu.

"Na ukiwa ndani ya ndege, unakaa?"

"Masaa tano hivi, Mama. Inaweza kupungua ama kuongezeka kidogo, sababu ya upepo."

"Na saa zao?"

"Zao ni kama zetu. Ikiwa saa sita hapa, na huko ni saa sita."

Hapo uso wake ulifunguka. Aliweka birika mezani. "Aiya! Kwa hivyo hajaenda mbali. Ako tu kwa saa zetu." Na aliondoka bila kutazama ramani tena.

Wiki hiyo alianza kutafuta chakula cha masaa matano. Alijaribu maharagwe peke yake, yakaiva mapema. Alijaribu muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa kwa kinu, nayo yakawahi. Ndipo akarudi kwenye mahindi makavu ya mwaka jana, mbaazi juu, mafiga matatu, kuni za mti mgumu, moto wa wastani usiopulizwa. Akasema ni hapo. Kuchemsha ni ndege, alitueleza, na kukaanga ni barabara. Mwende akisema amepanda, alisema, nabandika. Akitua, naepua. Akipata gari na kupita ile njia panda ya Kyumbi, nakata vitunguu. Akiingia kwa mlango, anakuta mafuta bado yanaongea.

Alikuwa na hakika kabisa, na hakika yake haikuwa na shahidi. Hakuna mtu yeyote aliyewahi kutoka Doha akafika kwake wakati sufuria iko motoni.

Si kwamba hakujaribu. Mara ya kwanza Mwende alisema anakuja Krismasi. Mpishi hakuweza kungoja aambiwe amepanda, alibandika saa ya ndege ilipofika, na moshi wa asubuhi hiyo ulikuwa kama wa sherehe, tukauona sote kutoka kwetu. Mahindi yakiwa yameanza tu kubadilika rangi, simu ikaingia: likizo imekataliwa, alikuwa amefika uwanjani ndipo akarudishwa kazini. Mpishi hakuepua. Aliacha sufuria iende mpaka mwisho wa safari yake, akakaanga, na akatuita kupitia uzio.

"Kujeni mkule. Ni ya Mwende."

Tulikula. Mara ya pili ilikuwa wakati wa mavuno, na tulikula. Baada ya hapo ilikuwa Pasaka, kisha harusi ya binamu, na kila mara simu iliingia na sababu, na kila mara tulivuka uzio na sahani zetu. Hakuna isyo tamu kama ile, nami naona uchungu kusema hivyo. Mama yangu alikuwa akitafuna anaangalia chini. Tulinenepa kwa chakula cha mtu mwingine, na yeye alitupakulia mpaka sahani zikaelemea mkono.

Tulipomaliza alibaki ameketi nje, kwenye kile kigoda chake. Ndege zinazokwenda kutua Nairobi, nyingine hupita juu ya vilima vyetu, zimeshaanza kushuka, unaona mpaka madirisha. Zikipita, chochote alichokuwa akifanya kilisimama. Kama ni kukoroga, mwiko ulisimama. Kama ni kukufokea, fokeo lilisimama katikati ya neno, na wewe ulisimama naye kwa heshima, mpaka sauti iishe, akaendelea pale pale alipoachia. Yeye mwenyewe hawezi kupanda hata kiti kubadilisha balbu. Aliogopa kimo maisha yake yote. Nilimuuliza siku moja anafikiria nini ndege ikipita.

"Nafikiria ako njaa," alisema. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya, "Nimemmiss huyo mtoto mpaka mifupa inajua."

Mwende hakumsahau mama yake, watu wasiseme hivyo. Simu ilipigwa kila jioni, na kwa kuwa saa zao ni saa zetu, walikula pamoja, kila mmoja na sahani yake, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Tena alimtumia zawadi. Moja ilikuwa sufuria ya presha, ile inayopiga filimbi, inayoivisha mahindi makavu kabla hujamaliza kufua. Mpishi aliizunguka siku mbili. Akaitumia mara moja, akafungua, akakuta mahindi laini kama viazi, akaifunga ndani ya gazeti na kuiweka juu ya kabati.

"Hii inadanganya," aliniambia. "Inaniletea mtu kabla hajafika."

Mimi nilimaliza shule, nikaolewa, nikaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo katika eneo la viwanda la EPZ, Athi River. Athi River ni maharagwe mabichi, kwa kipimo chake. Nilikagua mishono miaka mingi mpaka wakanipandisha cheo, na mwaka jana kiwanda kikanichagua mimi na wenzangu wawili kupeleka sampuli kwenye maonyesho ya nguo. Niliposikia ni Doha nilikaa chini.

Mwende alikuja kuniona hotelini jioni ya mwisho. Nilimtambua kwa mwendo, ni wa mama yake, wa mtu aliyebeba kitu cha moto. Sasa anasimamia sehemu ya kufulia nguo kwenye hoteli kubwa. Tulikumbatiana, tukacheka, tukakaa. Nilimwuliza kama wanamnyima likizo mpaka leo. Alizungusha kikombe.

"Mutheu, hakuna mtu ameninyima likizo," alisema. "Ile mara ya kwanza tu, ndiyo walininyima. Hizi zingine ni mimi."

Nilisogeza kikombe changu pembeni, naye akaendelea.

"Nafunga mzigo. Nafika mpaka airport. Halafu nafikiria ameweka hiyo sufuria. Nitaingia, nitakula, atanikalisha hapo kwa jikoni, mahindi ingine iwekwe, tukae tuongee mpaka giza. Nitainuka aje? Nakwambia, nikikaa pale siku moja, siinuki tena. Na kazi bado naihitaji. Naona afadhali nimmiss nikiwa huku kuliko nimuache mara ya pili."

"Na yeye nimwambie nini?"

Aliangalia dirishani, ambako ndege zao pia zilikuwa zinashuka. "Asipouliza, nyamaza. Akikuuliza, mwambie ukweli. Mimi nimeshindwa."

Asubuhi nilipokaa kwenye kiti changu ndani ya ndege, kabla ya kuzima simu, nilimwandikia Mpishi kwamba nimepanda. Sikuwaza zaidi ya kumsalimia. Jibu lake liliingia kabla mlango haujafungwa: "Sawa. Nimebandika."

Ndege nzima nilifikiria zile kuni. Tulivuka jangwa lililokuwa na rangi moja tu, tukavuka maji, na milima ya Ethiopia ikatokea chini, na kila nilipotazama ile ramani ndogo kwenye kiti cha mbele niliona mbaazi zikipasuka. Tulipotua nilimpigia nikamwambia. Akasema, "Naepua." Kyumbi nilimpigia tena. Sikusikia alivyojibu kwa sababu ya kelele za kisu na ubao.

Niliingia jikoni kwake na begi langu bado lina karatasi ya uwanja wa ndege kwenye mshipi. Mafuta yalikuwa bado yanaongea. Amezeeka Mpishi. Ameacha kazi ya shule, mgongo umepinda, na mwiko wa Wamunyu sasa anauegemea zaidi ya kukorogea. Hakunisalimia kwanza. Alichota punje moja ya mahindi, akaibonyeza kati ya vidole, ikakubali. Akanitazama mimi, akaitazama punje.

"Kumbe ni kweli," alisema.

"Ni kweli, Mama. Sufuria moja kabisa."

Nilitarajia acheke, aite mama yangu kwenye uzio, atangaze. Alikaa kwenye kigoda polepole, punje bado iko mkononi.

"Miaka hiyo yote nilikuwa nakisia tu," alisema. "Nilikuwa najiambia pengine nimekosea. Pengine ni sufuria mbili, ama tatu. Pengine ni mbali kushinda vile Mwalimu alisema." Akaigeuza punje. "Lakini wewe umetoka huko asubuhi, na uko hapa, na kitunguu hakijaungua."

Ndege ilipita juu ya vilima. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuinua kichwa.

"Mutheu. Kama ni karibu hivi, mbona hafiki?"

Aliuliza. Basi nilimwambia, yote, kwa maneno yale yale ya Mwende, kuhusu mzigo unaofungwa na kufunguliwa, na kuhusu kukaa kusiko na kuinuka. Sikumtazama nilipokuwa nikisema, nilitazama mafiga. Nilipomaliza, nilidhani atalia, na nilikuwa tayari, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaanza.

Hakulia. Alinipakulia kwanza, sahani ikajaa mpaka pembeni, akanisukumia. Kisha aliinuka kwa mwiko wake, akaenda pembeni ya jikoni ambako anaweka mahindi makavu, yale ya mwaka jana, yale ambayo hakuna mgeni wa kupita aliyewahi kuyagusa. Alichota vikombe vichache akamimina kwenye karai. Akachukua mtungi. Nilisikia maji yakiingia juu ya mahindi, na sikuamini mpaka nilipogeuka.

"Unaloweka?"

Alifunika karai kwa sinia, akakunja kitambaa, akakiweka juu.

"Mpigie yeye saa hii," alisema. "Mwambie mahindi iko kwa maji. Haitakaa kwa moto. Akuje akule haraka, na arudi kazi yake. Sitamkalisha."